Fungulia Wasiwasi Wako Daftari

Nasema na wanafunzi walio darasani sasa, na pia na wenzangu tuliokwisha kutoka. Nataka kusema habari za wasiwasi.

Kila mwaka, ufikapo muhula wa tatu, wasiwasi huingia katika mabweni yetu bila kupiga hodi, nao hulala katika kila kitanda. Hakuna anayeutaja kwa jina. Vijana wazima hukosa usingizi. Wengine huiacha posho yao sahanini, wengine huenda zahanati kila asubuhi wakilalamika tumbo, na kweli tumbo linawauma. Wengine hucheka kupita kiasi. Shule hii imetufundisha mambo mengi mema, nasi twaishukuru. Lakini naona kuna somo moja ambalo halimo katika ratiba, nalo ni hili: namna ya kijana kukaa na nafsi yake robo saa, akaihoji hofu yake kama mtu anavyomhoji mgeni aliyefika usiku. Wewe ni nani? Umetumwa na nani? Wataka nini kwangu?

Nianze na habari zangu mwenyewe, maana anayeonya wengine bila kujitaja hana haki ya kusikilizwa.

Nilizaliwa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ambako baba yangu alikuwa mfanyakazi wa mgodi wa shaba. Kiswahili ninachoandika hapa ni kile nilichokipata huko, kwa kuwa mgodini walikutana watu wa makabila mengi na hawakuwa na lugha nyingine ya kuambiana, "Jihadhari, jiwe laanguka!" Kazi ya shaba ilipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya themanini, baba akabaki na jembe, na mama akabaki na cherehani yake. Hiyo cherehani ndiyo iliyotuvisha na kutulisha.

Mwaka 1988 nilikuwa Kidato cha Nne katika shule hii. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu fedha ya Uganda ilipobadilishwa na sufuri mbili kuondolewa, na kila nyumba ilikuwa ikitafuta shilingi kama mtu atafutavyo sindano mchangani. Katika muhula wa tatu nikapata barua ya baba. Aliandika salamu za wote, kisha akaandika hivi: "Cherehani ya mama yako tumeiuza. Karo yako imelipwa. Soma kwa bidii." Basi. Hakuongeza neno, wala hakunilaumu. Nikaikunja barua ile nikaitia katika mfuko wa shati, na tangu siku hiyo sikulala vema.

Ikafika siku ya mtihani wa hesabu. Nikaandika namba yangu, nikafungua karatasi, na hapo tarakimu zikaanza kutembea mbele yangu kama siafu. Mikono ilitoka jasho hata karatasi ikalowa. Ulimi ulikauka. Swali la kwanza lilikuwa jambo nililolijua tangu utoto, lakini sikuweza kulianza. Nikakaa nikitazama mgongo wa kijana aliyekuwa mbele yangu. Shati lake lilikuwa na kiraka chini ya bega, na hata leo naweza kukichora kiraka kile. Kengele ilipolia nilikuwa nimeandika mistari minne.

Nilifeli. Wengine walisema nilikuwa mvivu, wengine wakasema nimerogwa. Mimi mwenyewe nikachagua neno lililokuwa jepesi kuliko yote: kwamba sina kichwa cha hesabu. Nikapanda treni kurudi Kasese, na njia nzima sikumtazama mtu usoni.

Mwaka uliofuata nikapata kibarua kwa mnunuzi wa kahawa. Kazi yangu ilikuwa kuandika kilo za kila mkulima katika daftari lenye safu tatu: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Usiku mmoja baba akaniambia kwamba angependa nirudie mtihani. Nikajibu, "Ndiyo, baba." Lakini nilipolala, moyo ukaanza kunidunda kama ulivyodunda siku ile. Nikaondoka kitandani, nikawasha taa, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikalifungua lile daftari nyuma kabisa, nikachora safu tatu kama nilivyozoea. Juu ya ya kwanza nikaandika: Naogopa nini? Juu ya ya pili: Ushahidi uko wapi? Juu ya ya tatu: Kesho nitafanya nini?

Mstari wa kwanza niliandika, "Naogopa hesabu." Nikaenda kwenye safu ya ushahidi, na hapo nikakwama. Tangu Januari nilikuwa nikihesabu kilo na shilingi za wakulima zaidi ya mia, na bwana wangu alikuwa ameona kosa mara mbili tu. Mtu asiye na kichwa cha hesabu hawezi kufanya hivyo. Hoja haikusimama, nikaifuta.

Mstari wa pili niliandika, "Naogopa kufeli tena." Ushahidi: yawezekana, kwani nilikwisha kufeli. Kesho: nimwendee mwalimu mmoja wa jirani, niazime kitabu. Hilo lilikuwa na jibu.

Mstari wa tatu kalamu ilisita muda mrefu. Mwisho nikaandika, "Naogopa kumtazama mama." Nilipouona mstari ule kwa mwandiko wangu mwenyewe nilifahamu mara moja. Siku ile katika chumba cha mtihani sikuwa nikifanya hesabu hata kidogo. Nilikuwa nikilipa cherehani.

Katika safu ya tatu nikaandika, "Kesho nimwulize mama." Nikafunga daftari, nikalala.

Kesho yake nilimkuta akichambua maharage. Nikamwambia yote. Kwanza alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, macho yangu yalikwisha kukataa kutunga uzi kabla ya mwaka ule. Cherehani ilikuwa imekaa tu, kuku wanatagia chini yake. Iliniuma kuiuza, sikatai, maana baba yako aliinunua mwaka tuliooana. Lakini hukuniambia kwamba wewe umeibeba mgongoni."

Tazameni basi, ndugu zangu. Hofu yangu haikuwa uongo mtupu. Deni lilikuwako. Lakini lilikuwa dogo kuliko nililokuwa nikijiandikia kila usiku, na mwenye kunidai hakuwa akinidai. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikilipa riba ya deni ambalo sikuthubutu kuuliza kiasi chake.

Nilirudia mtihani mwaka 1989. Msidhani hofu haikuja. Ilikuja asubuhi na mapema, ikakaa nami katika dawati. Lakini safari hii nilikuwa nalijua jina lake. Nikafanya maswali mawili mepesi kwanza, na mikono ikakauka. Sikupata alama za kusifiwa, ila nilipata za kutosha, na leo ni mhasibu, mwenye mvi, ninayekagua vitabu vya watu wengine.

Kwa kuwa kazi yangu ni hiyo, nimependa kujua wakubwa waliotangulia walisema nini juu ya jambo hili, na nimeona kwamba si geni. Neno letu "mhasibu" na neno la Kiarabu "muhasaba", yaani mtu kuihesabu nafsi yake, yana mzizi mmoja. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka mlango mzima wa habari hiyo katika kitabu chake kikubwa kiitwacho Ihya. Naye hakuyajua mambo hayo kwa kusoma tu. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mashuhuri katika madrasa ya Nizamiyya huko Baghdad, na wanafunzi wengi walikuja kumsikiliza. Mara ulimi wake ukafungwa. Alisimulia mwenyewe kwamba alijaribu kufundisha walau siku moja, asiweze kutoa neno. Hata chakula hakikupita. Na waganga wakasema ugonjwa huo umeanzia moyoni. Basi kijana uliyepigwa bubu mbele ya darasa, ujue kwamba aliyekutangulia alikuwa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa dunia.

Kabla yake, Seneca wa Roma alikuwa na desturi ya kila usiku. Taa ikisha kuondolewa, na mkewe, aliyeijua desturi ile, akisha kunyamaza, alikuwa akiipitia siku yake yote na kujiuliza alilotenda na alilosema, bila kujificha lolote. Na wenzetu wa dini mbalimbali wanazo namna zao za jambo hilo hilo. Watu walioishi mbali sana, kwa miaka na kwa nchi, wakikutana katika desturi moja, yafaa tuitazame vizuri.

Wataalamu wa siku hizi nao wametueleza yale yanayotokea mwilini. Walter Cannon, daktari wa Marekani, alichapisha kitabu mwaka 1915 akionyesha jinsi mwili unavyojiweka tayari kupigana au kukimbia unapoona hatari: moyo hupiga upesi, damu huenda katika misuli, tumbo huacha kazi yake. Mwili haujui tofauti kati ya simba na karatasi ya mtihani. Na mwaka 1908 Yerkes na Dodson walijaribu panya, wakaona kwamba katika kazi ngumu, wale waliosukumwa kwa kadiri ndio waliojifunza upesi, kuliko waliosukumwa kidogo mno au kwa ukali mno. Maana yake kwetu ni kwamba hofu kidogo si adui. Kijana asiyeogopa mtihani kabisa huenda hajafungua kitabu. Shabaha yetu si kuifukuza hofu, bali kuipunguza mpaka itoshe katika dawati moja pamoja nasi.

Sasa najua kuna watakaonipinga, na hoja yao ni nzuri. Watasema, "Mzee, ukimfundisha kijana kuitazama hofu yake kila siku, utaikuza. Heri acheze mpira aisahau." Jambo hili ni la kweli kwa nusu, na nusu hiyo tuipokee. Mwaka 1989, mwezi wa Oktoba, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga California. Ilitokea kwamba mtaalamu mmoja, Susan Nolen-Hoeksema, alikuwa ameuliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford siku chache kabla yake jinsi wanavyofanya wanapokuwa na huzuni. Baada ya tetemeko aliwauliza tena. Akaona kwamba wale waliokuwa na tabia ya kutafuna huzuni yao, kuirudia na kuirudia bila kufanya neno, ndio walioendelea kutaabika zaidi, hata wiki saba baadaye.

Lakini kutafuna si kuhesabu! Mwenye duka anayekaa usiku kucha akizihesabu shilingi zile zile, huku akilia kwamba hazitoshi, huyo hafanyi hesabu. Huyo ni mgonjwa. Mwenye kufanya hesabu huandika mara moja, hujumlisha, huona kilichobaki, huamua la kesho, na hufunga kitabu akaenda kulala. Tofauti yao haiko katika kufikiri. Tofauti iko katika safu ya pili na ya tatu. Wasiwasi daima huandika safu ya kwanza tu. Haujui kutafuta ushahidi, wala hauna kesho. Ukiulazimisha kuzijaza safu mbili zilizobaki, nguvu zake hupungua.

Wala sisemi kwamba kuandika ni dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chicago, Ramirez na Beilock, walitangaza kwamba wanafunzi walioandika hofu zao kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vema kuliko wenzao. Watu wengi tulifurahi. Lakini waliolirudia jaribio lao la maabara baadaye, habari zao zikatolewa mwaka 2018, hawakupata matokeo kama yale. Basi asiwepo mtu wa kuwauzia ninyi daftari kama hirizi. Dakika kumi za siku ya mtihani huenda zisikufae kitu. Mimi nasema juu ya desturi ya muda mrefu, inayoanza wakati bado kuna kesho nyingi za kuandika katika safu ya tatu.

Nimeyajua pia makosa yake, kwa kuwa nimeyafanya. Kosa la kwanza ni kuandika maneno makubwa. Usiandike, "Maisha yangu yameharibika." Hilo halina ushahidi wala halina kesho. Andika, "Sijui sura ya tatu ya fizikia." Kosa la pili ni kujihukumu badala ya kujihesabu. Mkaguzi mwema hamtukani mwenye kitabu. Huonyesha tu mahali palipopungua. Kosa la tatu ni kusema uongo katika daftari lako mwenyewe, na hili ndilo baya kuliko yote, kwa maana hapo mwizi na aliyeibiwa ni mtu mmoja.

Kisha kuna jambo ambalo naomba mlishike hata kama mtayasahau mengine yote. Kitabu kisichosawazishika hupelekwa kwa mkaguzi. Kama mstari ule ule umeuandika usiku saba na haupungui. Kama huli, hulali. Au kama mstari wenyewe unasema kwamba heri usingekuwapo duniani, basi usiendelee kuhesabu peke yako. Mwendee mwalimu unayemwamini, au mganga wa zahanati, au mzazi, usiku ule ule. Mimi nilipona siku nilipomwendea mama penye maharage. Daftari lilinionyesha mlango tu. Ilinibidi kuufungua kwa mkono wangu.

Sasa natoa shauri langu kwa Mwalimu Mkuu na kwa walimu wote, kwa heshima. Baada ya masomo ya jioni, kabla ya kwenda mabwenini, pawekwe robo saa ya kimya. Kila mwanafunzi awe na daftari dogo la kurasa arobaini, alinunue mwenyewe, nalo lisisomwe na mwalimu wala kiranja wala rafiki. Asiyetaka kuandika na akae kimya. Viranja nao waandike, kwa kuwa wana hofu zao ambazo cheo huwazuia kuzisema. Jambo hili halihitaji jengo wala mfadhili.

Baadhi ya wanafunzi wa zamani wataguna. Wataniambia, "Sisi hatukuwa na robo saa ya kimya, nasi tulifaulu." Ndugu zangu, nawaheshimu, lakini niruhusuni niseme kama mhasibu. Tunapokutana katika karamu ya kila mwaka, hukutana waliofaulu. Yule kijana mwenye kiraka chini ya bega alikuwa na akili kuliko mimi. Sijapata kumwona katika karamu hata moja, na sisi sote tuliokuwa naye hakuna ajuaye alikokwenda. Hesabu ya waliofika peke yao ni nusu ya daftari. Nusu ya pili imo kwa wale ambao hatukuwauliza.

Na ninyi vijana wa leo mzigo wenu, kwa njia moja, ni mzito kuliko wetu. Mimi barua ya baba ilinifikia mara moja katika muhula. Wazazi wenu wana simu, na katika makundi yao ya simu alama zenu hulinganishwa kabla ninyi wenyewe hamjaziona. Mnatazamwa kutoka nje saa zote. Kwa sababu hiyo yawapasa zaidi kupata robo saa ya kujitazama kutoka ndani, mahali ambapo hakuna awapigiaye makofi wala awazomeaye.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba mficha hofu mtihani humuumbua. Anzeni usiku huu. Chora safu tatu. Katika ya kwanza andika lile ambalo kalamu inasita kuliandika.

Wasalaam.

Mimi ndugu yenu,
Mwanafunzi wa Zamani, Kidato cha Nne 1988, na tena 1989